Kushuka korongo la msituni kwa kamba: kazi iko kwenye kuvuta

Kamba ya kwanza niliyoipoteza ingali juu ya genge upande wa mashariki wa Uluguru, kama panya hawajaimaliza. Tulishuka wanne, mita 18 hivi, kila mtu anacheka. Kisha tukavuta kamba ili itufuate chini. Ikaja mita mbili, ikagoma. Upande mmoja tulikuwa nao mikononi, wa pili umejiviringisha kwenye kichaka ambacho wakati wa kushuka hakuna aliyekiangalia mara mbili. Mbele yetu yalibaki maporomoko mawili, na kamba ya akiba ilikuwa fupi. Tulitoka saa tatu usiku kwa kupanda ubavu wa korongo kwa mikono na magoti, tumeshikilia mizizi.

Kushuka penyewe mtu anaweza kujifunza kwa siku mbili. Kinachowakwamisha watu kwenye makorongo ya Uluguru, Usambara, Udzungwa au Aberdare ni majani: yanaficha kina, yanaficha nyuki, na yanakamata kamba. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye kamba na miti, na kupita haraka kwenye mambo ambayo mkufunzi yeyote atakuonyesha siku ya kwanza. Mkufunzi unamhitaji. Maandishi hayamdaki mtu akianguka. Anzia kwenye ukingo mkavu wa mita tatu au nne, pamoja na mtu anayeijua kazi, hadi mikono ifanye bila kuulizwa.

Kulijua korongo kabla ya kulikanyaga

Anza na msimu. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Muda wa kwenda ni Juni hadi Septemba, na kipande cha Januari na Februari. Miteremko ya mashariki ya Uluguru haifuati sana kalenda hiyo, kule mvua hunyesha karibu kila mwezi. Na mvua ya kuogopa ni ile usiyoiona, inayonyesha kilomita kadhaa juu yako wakati wewe una jua kichwani. Korongo la Ol Njorowa ndani ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, watu walikuwa wakilitembea kwa miguu tu, bila kamba ndefu. Mafuriko ya ghafla yaliua watu saba humo Aprili 2012, na wengine saba Septemba 2019. Uswisi, tarehe 27 Julai 1999, maji yaliyoshuka ghafla kwenye korongo la Saxetbach karibu na Interlaken yaliua watu 21, watatu kati yao wakiwa waongozaji. Kama milima ya juu ina wingu zito asubuhi, rudini mkanywe chai.

Kisha ongea na watu. Wa kwanza ni mrina asali. Anajua kila ufa wa mwamba wenye nyuki, na hakuna ramani itakayokupa habari hiyo. Wa pili ni wanaochota maji na wanaolima pembeni: wao wanajua korongo linavukwa wapi, na kila kivuko ni mlango wako wa dharura. Waulize pia mipira ya maji ya kijiji imepita wapi, msije mkaikanyaga au mkaifungia kamba. Mara nyingi utaambiwa dimbwi fulani lina wenyewe, ni mahali pa mizimu, watu hawaogi hapo. Usibishane. Muulize mzee aliyekuambia mpite vipi, na akisema msipite, msipite.

Ruhusa hutegemea eneo. Korongo la kijiji ni kwa mwenyekiti au mtendaji. Ndani ya hifadhi ya msitu ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ndani ya Udzungwa ni shirika la hifadhi za taifa, TANAPA. Aberdare, Kenya, ni shirika la wanyamapori, KWS. Maporomoko ya Sanje huko Udzungwa, yenye mita 170, na ya Karuru huko Aberdare, yenye mita 273, yatazame kwa macho tu. Hayo si maporomoko ya mtu anayesoma mwongozo.

Usiingie kabla ya kujua poromoko refu kuliko yote lina mita ngapi, maana ndilo litakaloamua urefu wa kamba. Ukifika ukingoni na majani yamefunika kila kitu, dondosha jiwe, baada ya kuhakikisha hakuna mtu chini, na uhesabu: sekunde mbili ni mita 20 hivi, sekunde tatu ni karibu 45. Ukisikia jiwe likipasua matawi kabla ya kutua, hesabu hiyo imeharibika. Rudia mahali pengine.

Begi

Kamba iwe ya kushukia, isiyonyumbuka sana, unene wa milimita 9 hadi 11. Kamba ya katani ya dukani, hata iwe imetoka Tanga kwenyewe, ni ya kufungia mizigo. Ile ya plastiki ya bluu ni mbaya zaidi, huyeyuka kwa joto la msuguano. Ukishuka kwa kamba iliyokunjwa mara mbili, urefu wake uwe mara mbili ya poromoko refu na ziada: poromoko la mita 25 linataka mita 60. Beba na ya pili. Ya pili yenye urefu wa kutosha ndiyo ingetuokoa Uluguru.

Kila mtu awe na hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani ya kujifungia kamba), kofia ngumu ya kupandia (ya bodaboda inaziba masikio na huteka maji), kifaa cha kushukia (chuma ambacho kamba hupita ndani yake ili mwendo upungue), karabina mbili (vyuma vya kujiungia vyenye mlango) za kufunga kwa skrubu, filimbi, glavu za ngozi, na kijikamba cha milimita 6 cha kufungia prusiki, fundo linaloibana kamba likivutwa, alilolieleza Karl Prusik wa Austria mwaka 1931. Kifaa cha kushukia chenye umbo la nane kinatosha. Kwa kundi: mkanda wa nailoni wa milimita 25, mita 15 au zaidi, usio na rangi ya kung'aa kwa sababu utauacha msituni, pete za chuma zinazofungwa kwa nati, kisu kidogo chenye ala, tochi za kichwani, huduma ya kwanza. Ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana hutunza simu na chakula vizuri kuliko mifuko mingi ya bei kali. Viatu: raba zenye meno. Gambuti zikijaa maji zinakuwa nanga.

Nguo ni za mikono mirefu na suruali ndefu, za rangi hafifu, bila manukato. Sababu utaiona kwenye habari za nyuki.

Kuhusu panga: wa mbele peke yake abebe, na mkifika kwenye poromoko la kwanza liingie kwenye ala na lisitoke tena. Kamba iliyokaza haihitaji kupigwa panga, ikiguswa tu na makali inaachana. Ndani ya hifadhi hata kukata tawi ni kosa. Matawi husukumwa pembeni, na kazi inaenda vizuri vilevile.

Kundi la watu wanne ndilo napenda. Hesabu nusu saa hadi dakika 45 kwa kila poromoko la mita 20, na uchukulie giza korongoni linaingia saa kumi na moja jioni, mapema kuliko kijijini. Mnaoingia saa mbili asubuhi mpange kutoka saa tisa alasiri. Mtu mmoja kijijini aachiwe majina yenu, njia mnayopita, na saa ya kuanza kuwatafuta. Korongoni mtandao wa simu haupo. Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa 114, Kenya dharura ni 999.

Mti wa kufungia

Msitu una miti mingi, na mingi haifai. Mti wa kufungia uwe hai, mnene kuliko paja lako, na mizizi yake iwe imeingia ardhini kweli. Sukuma kwa mabega yako yote huku umetazama chini kwenye shina. Udongo ukicheza, achana nao. Kwenye kingo za magenge kuna miti mizuri ya kutazama iliyoota juu ya udongo wa sentimita chache uliolala kwenye mwamba. Ikivutwa hung'oka pamoja na zulia lake la mizizi. Mkuyu ulioshika mwamba kwa mizizi ni rafiki. Mgomba si mti, ni maji yaliyosimama, ingawa mashamba ya Waluguru yanaufikisha hadi ukingoni na mgeni hushawishika. Mwanzi mmoja mmoja hapana. Mti wenye njia za mchwa, gonga usikie kama una moyo.

Ukikosa mti mmoja wa kuaminika, unganisha miwili, lakini angalia pembe. Mikanda ikikutana kwa nyuzi 60, kila mti hubeba karibu asilimia 58 ya uzito. Ikipanuka hadi nyuzi 120, kila mmoja unabeba uzito wote, na umejidanganya kwamba umegawa mzigo.

Funga mkanda chini kabisa ya shina. Zungusha mara tatu, funga ncha kwa fundo la mkanda lenye mikia isiyopungua sentimita 8, kisha vuta mizunguko miwili mbele uache mmoja wenye fundo ukikumbatia mti. Hapo fundo halibebi uzito wote. Pitisha pete ya chuma kwenye mizunguko hiyo miwili. Kamba ipite kwenye pete, kamwe isizunguke mti: itachubua gome, na wakati wa kuvuta itauma kama jino.

Pete ikae wapi? Hili ndilo swali la siku nzima. Mti ukiwa mita nne nyuma ya ukingo, kamba italala juu ya udongo, mizizi na majani, na kila kimoja kitataka chake. Ongeza mkanda hadi pete ifike karibu na ukingo, au hata ininginie kidogo nje yake. Wa mwisho atapata taabu kuanza kushuka. Taabu hiyo ni ndogo kuliko kulala korongoni.

Kamba na kushuka

Mbinu ya kamba iliyokunjwa si ya jana. Jean Charlet-Straton, mwongozaji wa Chamonix nchini Ufaransa, ndiye anayetajwa kuianzisha miaka ya 1870 alipokuwa akiuhangaikia mlima wa Petit Dru, ambao kilele chake alikifikia mwaka 1879. Shida yake ilikuwa hii yetu: ashuke, kisha kamba imfuate.

Katikati ya kamba ikae kwenye pete, ncha mbili zishuke. Ukiunganisha kamba mbili, tumia fundo la kawaida la bapa (ncha mbili zinashikwa pamoja na kufungwa fundo moja) lenye mikia ya sentimita 30, na kila mtu aseme kwa sauti upande utakaovutwa: "Tunavuta nyekundu!" Upande huo ni ule wenye fundo, ukivuta wa pili, fundo litagota kwenye pete. Zipo mbinu za kushukia upande mmoja huku wa pili umezibwa, nazo ni nzuri kwenye maji mengi. Anayeanza asiziguse bila mwalimu: ukijifunga upande usio wake, kamba hupita kwenye pete na wewe unaondoka nayo.

Usirushe kamba. Kwenye genge tupu hurushwa. Hapa itaishia kwenye matawi ya mita tano chini, imejisokota. Wa kwanza anashuka na mfuko wa kamba ubavuni, ikitoka kidogo kidogo kadiri anavyoteremka.

Mwisho wa kamba: kwenye poromoko kavu funga fundo kila ncha, usije ukateleza nje ya kamba. Kwenye maporomoko yanayoangukia dimbwini usifunge. Mtu anayepigwa na maji huku fundo limegota kwenye kifaa chake hatoki. Badala yake hakikisha kamba inaishia pale inapogusa maji, maana ikizidi hukaa dimbwini ikitafuta miguu.

Kabla ya kuegemea, mwenzako akukague kwa kushika: kifungo cha hanesi, skrubu za karabina, kamba ndani ya kifaa. Rasta, ncha za mtandio, kamba za begi, zote ziingie ndani ya nguo. Kifaa cha kushukia kikishameza nywele hakitemi.

Wa kwanza ashuke na prusiki chini ya kifaa, ili akiachia ashikwe. Wanaofuata wanalindwa na aliye chini: anashika ncha zote mbili bila kuzikaza, na wa juu akiachia kamba, anavuta kwa nguvu na mwenzake anasimama palepale. Asimame nje ya njia ya mawe.

Miguu ipanuke usawa wa mabega, nyayo nzima kwenye mwamba, mgongo uegemee nyuma. Ukungu wa kijani juu ya mawe unateleza kama bamia. Usiruke-ruke kama komando; kila kuruka kunauongezea mti mzigo na kuangusha mawe. Ukikutana na tawi, kabla hujapita chini yake toa kamba upande wa nje, isibaki nyuma ya tawi. Watu watatu wakipuuza hilo, kamba itakuwa imeshonwa msituni kama uzi.

Mtu akikwama hewani, muda ni mdogo. Kuning'inia kwenye hanesi bila kusogea kunaweza kumzimisha ndani ya dakika chache. Achezeshe miguu, akanyage kitanzi, na walio juu wawe wamejifunza mapema namna ya kumteremsha.

Filimbi tunapatana asubuhi, kwa sababu maji hula sauti. Sisi hutumia mlio mmoja kwa "simama", miwili kwa "nimejifungua, njoo", mrefu usiokatika kwa "nisaidie".

Kuvuta

Kabla wa mwisho hajashuka, walio chini wavute kamba mita moja kwa majaribio. Ikitembea kwenye pete, wa mwisho airudishe mahali pake. Ikigoma, yeye ndiye pekee aliye juu wa kurekebisha, naye akishashuka nafasi hiyo imekwisha. Asogeze pete, ahamishe kamba kutoka kwenye ufa, ajaribu tena. Nimewahi kujaribu mara nne kwenye poromoko la mita 12. Sikuona aibu.

Wa mwisho anaposhuka aache kidole kati ya kamba mbili ili zisijisokote. Chini, ninyi mkumbuke mmebakiza mlango mmoja: kamba ikianguka hakuna kurudi juu. Kwa hiyo hesabuni watu na mizigo, na mtazame poromoko linalofuata kama linapitika, ndipo mvute.

Fungueni fundo lolote lililoko upande unaopanda. Nimeshuhudia kundi likivuta fundo la usalama hadi kwenye pete, likakaa huko. Vuteni polepole, mkono kwa mkono, mkiwa mbali na ukuta kadiri korongo linavyoruhusu. Ncha inapokaribia pete, wengine husema vuta haraka ianguke mbali na ukuta, wengine polepole. Kwenye vichaka mimi huvuta kwa nguvu moja ndefu mwishoni, ili ncha iruke nje badala ya kuteremka ikiyapitia matawi yote.

Ikikwama:

1. Acheni kuvuta. Kila mvuto wa hasira hukaza kilichonasa.
2. Badilisheni pembe: sogeeni kushoto, kulia, vukeni dimbwi. Nusu ya kamba zilizonasa huachia hapa.
3. Legezeni, mpeleke mawimbi juu kwa kuipiga kamba, kisha mvute taratibu.
4. Kama ncha zote mbili bado ziko chini, vuteni ule upande wa pili mita chache, mrudie.
5. Kama ncha zote mbili mnazo na zinavumilia uzito wa watu wawili, anayejua kupanda kwa prusiki anaweza kupanda akiwa amejifunga kwenye kamba zote mbili.
6. Kama ncha moja imeshapanda, hakuna kupanda. Hujui imeshikwa na mkuyu au na kijiti. Kateni mnachokifikia, endeleeni na kamba ya pili, au mtoke kwa kivuko cha karibu.

Namba sita inauma mfukoni. Ndiyo maana ya kamba ya pili.

Maji na magogo

Msitu hudondosha magogo, na korongo huyakusanya. Gogo lililonasa mlangoni pa mfereji hupitisha maji na kuzuia mtu; likwepeni kwa juu, hata kama maji yanaonekana ya magotini. Usiruke dimbwini usilolipima kwa miguu yako, maana tawi lililosimama chini halionekani.

Tazameni matawi yaliyo juu ya vichwa vyenu. Nyasi na takataka zilizonasa huko zinaonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Maji yakibadilika rangi, yakianza kuleta majani mabichi na vijiti, au sauti ya korongo ikibadilika, pandeni ubavuni wakati huohuo. Mizigo ibaki.

Nyuki, upupu na wengine

Nyuki wetu ni wakali na wanapenda nyufa za magenge. Wa kwanza asimame ukingoni dakika mbili, kimya, atazame kama wako wanaopita kwa mstari mmoja. Wakipatikana, hameni njia. Wakikuvamia ukiwa kwenye kamba, shuka, usisimame kuwapiga. Ukifika chini kimbia ukifunika uso. Kujizamisha dimbwini ni ushauri mbovu, watakusubiri ukitoa kichwa.

Siafu hupenda kupanda mti uleule uliofungia. Kagua shina kabla ya kukaa. Niliwahi kumlinda mwenzangu kwa mikono miwili huku siafu wakiwa wamefika kwapani, na mikono huwezi kuitoa.

Upupu ukikupata usisugue. Bandika selotepu, bandua, rudia, ndipo uoshe. Kwenye vichaka vya Usambara na Udzungwa yuko pia nyoka mdogo mwenye vipembe juu ya macho, ambaye hukaa kwenye matawi ya usawa wa mkono wako. Glavu, na macho yatangulie vidole.

Baada ya kutoka

Mpigie uliyemwachia majina kabla hujavua viatu. Kamba ioshwe kwa maji safi, ianikwe kivulini, ipitishwe yote mikononi, ukitafuta sehemu bapa, ngumu au iliyochanika; ukiipata, kata hapo. Kisha, kabla usingizi haujaja, fungua daftari. Ukurasa wangu mmoja unasema hivi: "Poromoko la 3, mita 14. Mti wa kushoto, si ule mkubwa wa kulia. Pete nje ya ukingo. Nyuki juu kulia. Vuta ukiwa ng'ambo ya dimbwi."